Kangaga la Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 3 Machi

Hukumu imetoka. Mke wangu aliitoa leo asubuhi, pini nne mdomoni, bila hata kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiishona. Ua wa nyuma utajengwa chumba. Kuta tatu, bati, dirisha moja, na cherehani yake itahamia humo. Amechoka kushonea kwenye ujia huku kila mtu akimruka miguu kama mtaro.

Nikamkumbusha kwamba ua ule ni bustani yangu. Akauliza bustani ya nini.

Swali la kuudhi mno! Miaka sita nimehangaika pale. Ni kweli nyanya zilioza. Ni kweli mchicha ulipauka kama karatasi ya risiti. Waridi lilikufa likiwa bado ndani ya mkebe wa dukani, kabla hata hatujafahamiana. Lakini ni kosa langu kwamba ua ule haupati jua hata la dawa? Ukuta wa jirani huku, ukuta wa nyumba kule, tangi la maji katikati linadondoka mchana kutwa. Mama mkwe, anayeishi nasi na ambaye husikia vizuri sana yasiyomhusu, akasema kutoka chumbani kwake kwamba hata magugu yalishahama pale. Hakuna aliyemwomba maoni.

Nikajitetea. Nimepata nafuu moja. Jumamosi ya tarehe 22, Kamati ya Bustani ya mtaa inapita nyumba kwa nyumba kukagua na kutoa tuzo. Siku hiyo kukiwa na kitu chochote cha kijani, kilicho hai, nilichokipanda mwenyewe, bustani inabaki. Kisipokuwepo, Jumatatu yake fundi ujenzi anaingia. "Na kuvu ya ukutani haihesabiwi," akasema mke wangu. Ananijua mno. Ndiyo hasara ya ndoa ndefu.

Siku kumi na tisa.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua!

Baada ya kazi nilisimama juu ya ndoo na kuchungulia kwa jirani, kwa sababu za kitaalamu. Jirani yetu ni muuguzi mstaafu. Mtaa mzima humwita Bi Sindano, kwa kuwa hapa hakuna kalio ambalo hakulichoma katika miaka yake thelathini ya kazi, langu likiwemo. Upande wake wa ukuta ni kivuli na maji vilevile. Lakini chini ya ukuta ule, ewe shajara, kumejaa makangaga! Mabichi. Majani marefu yaliyochanikachanika kama manyoya ya mkia wa jogoo. Hayana ua hata moja na wala hayaoni haya.

Bi Sindano akaniona. Akasema nishuke, ndoo ile si ya kubeba mtu mzima. Nikashuka papo hapo, yaani ndoo ilipasuka. Kisha nikapitia getini kama muungwana.

Hakuficha kitu, au alijifanya hafichi. Kangaga ni mmea wa huku huku, akasema, wa mabondeni, kando ya vijito. Ni gumu. Halitaki jua, halitaki mbolea, baridi na mvua ndiyo raha yake. Nikamwomba basi anipe siri yenyewe.

"Kivuli, unyevu, majani makavu yaliyooza," akasema. "Halafu uliache."

Uliache?

"Uliache, jirani."

Mama huyu ana jambo. Nani duniani amewahi kufanikiwa kwa kuacha? Hata hivyo alining'olea mashina matatu, akayaviringisha kwenye gazeti lililoloa, akanionya nisizike kichwa cha mmea, pale majani yanapotokea. Nimeshukuru. Kesho nafungua jalada ofisini: KANGAGA, Na. 1. Mimi ni karani wa masjala. Kitu kisicho na jalada hakipo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepanda yote matatu. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimeruka hatua ya kwanza na kwenda kivulini moja kwa moja.

Kuhusu mbolea nimefikiri kwa kina. Kama kangaga lisilolishwa linapendeza vile, lililolishwa litakuwaje? Hii ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Kangaga la kwanza nimelifukia kwa samadi ya kuku, ndoo nzima (mpya), ikiwa bado inafuka mvuke. Kichwa nacho nimekizika. Kitu chenye kichwa nje hupata mafua.

Mama mkwe alipita ameziba pua kwa mtandio. "Mkwe wangu," akasema, "subira huvuta heri." Nikamjibu kwa adabu zote kwamba samadi huivuta haraka zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Kangaga la kwanza limefariki. Juzi lilikuwa rangi ya chai, jana rangi ya tumbaku, leo halina rangi. Limeungua, anasema mama mkwe. Nyumba nzima inanuka banda la kuku na mteja mmoja wa mke wangu amekataa kuingia ndani kupimwa kiuno.

Yamebaki mawili. Mawili yanatosha.

Jumatano, 12 Machi

Balaa jingine! Kangaga la pili limetoa majani mapya matatu na yote ni vilema. Badala ya kunyooka kama majani ya watu, yamejikunja kuanzia nchani, duara ndani ya duara, kama mkia wa kinyonga. Yana manyoya pia. Nikaingiwa na huruma.

Nikalinyoosha la kwanza kwa vidole, taratibu, kama anayemvisha mgonjwa soksi. Likakatika. La pili nikalilowesha kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Likakatika. La tatu nililifunga kwenye rula ya ofisi kwa vibanio viwili vya nguo, nikaliacha lijirekebishe lenyewe. Niliporudi lilikuwa limenyooka kabisa. Limenyooka chini.

Mke wangu alikuja kuulizia vibanio vyake. Aliangalia rula, akaniangalia, akachukua vibanio akaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Sasa nimeelewa ni kwa nini majani yalikuwa vilema. Maradhi! Leo nimegeuza majani makubwa ya kangaga la pili na kukuta mgongoni vidoti vya kahawia, safu mbili mbili, vimepangwa kwa nidhamu ya kutisha. Hakuna mdudu anayejipanga hivyo ila mdudu mwenye mpango.

Nilitumia maji ya sabuni na mswaki wa kwanza niliouona. Nilisugua jani moja baada ya jingine kwa saa nzima, mpaka mgongo ukagoma. Vidoti vikatoka, vumbi la kahawia likajaa kwenye beseni. Majani nayo yakatoka ngozi.

Bi Sindano alinisikia nikihema. Akaniuliza kutoka upande wake nafanya nini. Nikamweleza. Nikasikia sauti ya mtu anayejizuia kucheka ndani ya kiganja.

"Hizo ndizo mbegu zake, jirani. Ndivyo linavyozaa. Na majani machanga huzaliwa yamejikunja. Hujifungua yenyewe."

Nikamshukuru. Simwamini. Mbegu mgongoni? Nani amewahi kusikia? Kwa usalama nimeyakata majani yote yaliyobaki, nimeacha kisiki tu, kidogo kama ngumi ya mtoto. Nimelifuta kangaga la pili kwenye jalada na kuandika: Limehitimishwa.

Imekuja kujulikana kwamba mswaki ni wa mama mkwe. Ilijulikana baada ya yeye kuutumia. Sitaki kuandika zaidi kuhusu jambo hili.

Jumamosi, 15 Machi

Limebaki moja, na lipo katika hatari. Mke wangu amemwita fundi bomba azibe pale tangi linapodondoka, eti msingi wa chumba hauwezi kuchimbwa kwenye matope. Msingi! Hata siku ya hukumu haijafika, mtu anazungumzia msingi! Tangi likizibwa, unyevu unakwisha. Unyevu ukiisha, kangaga la tatu linakwisha. Nimeuona mchezo wote.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nikamsubiri fundi getini na kumwambia kwamba mama mwenye nyumba amebadili mawazo, arudi mwezi ujao, poleni kwa usumbufu. Fundi akanitazama juu mpaka chini. Akasema kwa upole kwamba mama alimpigia simu jana na kumwambia kwamba akikutana na baba mwembamba mwenye kalamu sikioni, asimsikilize.

Nikaitoa kalamu sikioni. Nilikuwa nimechelewa.

Amekaza nati kwa dakika kumi. Ua umekauka kama kaakaa la mlevi. Kangaga la tatu limeanza kuinamisha majani, nami pia.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilichukua spana na kuilegeza ile nati robo mzunguko. Robo tu. Nilitaka tone moja moja, kama zamani. Halikutoka tone. Nikaongeza robo. Likatoka tone, lakini la kinyongo. Nikaongeza robo nyingine, nikafuta mikono, nikaenda zangu kazini nikipiga mluzi.

Saa tano simu ya ofisi ikalia. Mama mkwe. Hapendi simu, huishika kama nyoka, kwa hiyo nikajua. Alisema maneno matatu tu: "Mkwe wangu, rudi."

Nati ilikuwa imefyatuka. Tangi zima, lililojaa usiku uliopita hadi mdomoni, lilimwagikia uani, maji yakapanda kizingiti, yakaingia kwenye ujia. Na kwenye ujia, sakafuni juu ya shuka safi, mke wangu alikuwa amepanga sare za shule arobaini na mbili. Zimeshonwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa. Za kukabidhiwa Ijumaa.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha cherehani, miguu majini. Amepakata sare tatu alizowahi kuzinyakua. Hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipoogopa. Miaka ishirini na nne, na kelele zake zote nazijua kwa jina. Kimya hiki sikuwahi kukutana nacho.

Nilianza kueleza juu ya unyevu. Mama mkwe akanishika mkono, akatikisa kichwa. Basi nikachukua tambara.

Kangaga la tatu lilisombwa na maji. Muuza mkaa wa mtaani kwetu alilishuhudia likipita chini ya geti kuelekea barabarani.

Jumatano, 19 Machi

Nimeomba likizo ya dharura. Mkuu wa Masjala aliuliza dharura gani, nikasema mafuriko. Akachungulia dirishani, jua linawaka. Akasaini bila kuuliza tena.

Sare zote zilifuliwa upya kwa sababu ya matope. Zilianikwa kila mahali, hadi kitanda chetu kina kamba mbili juu yake. Mimi ni wa pasi. Nimesimama mezani tangu saa moja asubuhi. Mikunjo ya sketi ina ukaidi ambao sikuwahi kuukuta hata kwa wanadamu. Sketi moja ina mikunjo kumi na sita. Ukiupata wa kumi na sita, wa kwanza umeshasahau.

Nimeunguza kola moja. Alama ya pasi, pembe tatu kamili, kama muhuri. Nilitaka kuificha katikati ya rundo lakini mke wangu alikuwa ameshasikia harufu. Aliichukua, akaigeuza upande wa ndani, mshono mmoja, mwingine, akakata uzi kwa meno. Haionekani.

Kisha akazungumza, mara ya kwanza tangu juzi. Hakunitazama. "Mimi siichukii bustani yako," akasema. "Nina magoti yanauma na sina mahali pa kuyanyoosha. Ni hilo tu."

Nilipiga pasi sketi tatu. Nilijisikia mdogo kwa muda mrefu, karibu hadi chakula cha mchana.

Ijumaa, 21 Machi

Sare zimekabidhiwa. Arobaini na mbili, saa nane mchana, hakuna iliyorudishwa. Mwalimu aliyekuja kuzichukua alisifu mikunjo. Mke wangu akasema ni kazi ya mumewe. Akatabasamu kidogo. Nilihisi mfupa wa mgongo ukirudi mahali pake.

Na tabasamu lile ndilo lililonirudisha kwenye suala la kesho. Kamati inapita saa nne. Nyuma ya nyumba sijakanyaga tangu Jumatatu, sina sababu ya kwenda kutazama matope. Sina mmea. Lakini mtu mwenye mke wa namna hii hawezi kukubali kushindwa mbele yake. Ni suala la heshima ya familia.

Nina wazo.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika kama lilivyotokea, ingawa mkono unasita.

Saa mbili asubuhi Bi Sindano alitoka kwake amevaa viatu vizuri, amebeba bahasha. Nikajua ana safari. Geti lake halikufungwa, kama kawaida. Nikaingia na toroli. Kando ya mlango wake kuna kangaga kubwa kuliko yote, ndani ya chungu cha udongo. Nililifunika shuka, nikalisukuma hadi kwetu, nikachimba shimo katikati ya ua na kukizika chungu mpaka ukingoni, nikatandaza majani makavu juu. Lilionekana kana kwamba limezaliwa pale. Nilikopa tu. Saa sita lingekuwa limerudi kwao.

Saa nne kamili Kamati ikaingia. Mwenyekiti, mzee mmoja muuza mbao, mbele. Nyuma yake katibu na daftari. Nyuma ya katibu, na bahasha yake, jaji mwalikwa wa mwaka huu: Bi Sindano.

Ewe dunia! Kwani watu hawatangazi mambo?

Mwenyekiti alisimama mbele ya kangaga na kuvua kofia. Akasema hajawahi kuona kitu kama kile katika ua wenye giza namna ile. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Mama mkwe alijiletea kiti. Mwenyekiti akaniomba niwaeleze nililikuzaje.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nafasi ilikuwepo. Mdomo wangu lakini una ajira yake binafsi. Nikaanza. Nikasema nililileta likiwa dogo kama kijiti. Nikaeleza mchanganyiko wa udongo niliouvumbua. Nikaeleza jinsi ninavyoliimbia. Katibu aliandika kila kitu.

Bi Sindano alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akageuza jani moja na kuuliza, kwa sauti tamu, hivi vidoti vya kahawia ni nini, bwana mkulima?

"Mbegu," nikasema kwa fahari. "Ndivyo linavyozaa." Angalau hilo nililijua.

"Vizuri sana," akasema. Akamgeukia Mwenyekiti. "Mmea huu umetunzwa kwa miaka tisa bila kukosewa hata siku moja. Aliyeutunza napendekeza apewe alama zote." Mwenyekiti akaanza kupiga makofi. Nami nikainama kidogo, Mungu anisamehe. Ndipo akaongeza, taratibu kabisa: "Ila jirani, chungu nitakihitaji kabla ya jioni. Kina ufa upande wa chini, ukivute kwa uangalifu."

Mama mkwe alicheka mpaka kiti kikamshinda. Mwenyekiti akavaa kofia. Katibu akachana ukurasa. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amefunika uso kwa futi yake ya kupimia na mabega yanatikisika, na mpaka sasa sina hakika ni kwa kulia au la.

Mwenyekiti akasema basi, waandike hakuna mmea, waende nyumba inayofuata. Fundi ujenzi angeingia Jumatatu. Nilisimama pale na koleo mkononi, masikio yanawaka moto, nikatamani lile shimo lingekuwa kubwa zaidi.

"Na hili?" akauliza Bi Sindano.

Alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta. Kwenye matope yaliyoachwa na mafuriko, katikati ya majani makavu yaliyosombwa na maji na kujikusanya hapo, kisiki changu cha kangaga la pili. Kile nilichokihitimisha. Juu yake kulikuwa kumetokea mikia miwili ya kinyonga, mibichi, yenye manyoya, imejikunja imara kama ngumi.

Mwenyekiti akaniuliza limechipua lini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilisema ukweli: sijui.

"Wiki aliyokuwa anapiga pasi," mke wangu akajibu kutoka mlangoni.

"Ahaa," akasema Bi Sindano, akainuka akipangusa magoti. "Ndiyo sababu."

Hatukupata tuzo. Katibu aliandika: Kangaga moja, dogo, hai.

Nimerudisha chungu kwa toroli saa saba mchana, bila shuka, mtaa mzima ukiwa nje. Muuza mkaa alinipigia saluti.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu ni mtu wa neno lake. Alisema kitu cha kijani, kilicho hai, nilichokipanda mwenyewe, nacho kipo. Kwa hiyo chumba hakijengwi.

Aliyasema hayo akiwa ujiani, ananyoosha goti kwa mikono miwili ili aweze kuinuka. Nami, sijui nini kilinipata, labda ni ile mikunjo ya sketi, nikasema kijengwe. Nikasema bustani inaweza kubaki ukanda tu, hatua moja na nusu, pale chini ya ukuta wa Bi Sindano. Maji ya paa yatadondokea hapo hapo. Dirisha lake lielekezwe huko, awe na kitu cha kutazama akichoka macho.

Alinitazama muda mrefu. Akauliza kama naumwa. Kisha akanimiminia chai mwenyewe, akakaa karibu nami, akanichorea chumba kwa chaki ya kushonea juu ya meza.

Kuna sharti moja. Msimamizi wa ukanda ule ni mama mkwe. Mimi siruhusiwi kuingia na chombo chochote. Mama mkwe ameshachora mstari ardhini kwa fimbo na kununua mswaki mpya, ambao analala nao.

Sawa. Nimekubali. Sina kinyongo hata kidogo, ingawa ni uonevu mtupu.

Jumamosi, 29 Machi

Mafundi wamefika kimo cha dirisha. Mikia yote miwili ya kangaga imejifungua yenyewe, jani moja moja, na mitatu mingine iko njiani. Siku sita nimelitazama kutoka nje ya mstari, mikono nyuma. Sikuligusa. Nimebadilika sana, nakiri. Ofisini nimetoa mhadhara mfupi kuhusu subira. Watu wawili walisikiliza, ingawa mmoja alikuwa anamsubiri mwingine. Jalada Na. 1 nimelifunga kwa maneno haya: Limefanikiwa chini ya uangalizi wangu.

Jana Bi Sindano alisafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Wiki mbili. Ufunguo wa geti amemwachia mama mkwe, sijui kwa nini si mimi, na mama mkwe ameutundika msumarini na karatasi ya maelekezo. Leo yeye na mke wangu wametoka kwenda kuchagua bati. Hawarudi kabla ya saa kumi na moja.

Karatasi nimeisoma. Mama aliyefanya uuguzi miaka thelathini, mwenye bustani ya kupigiwa mfano, ameandika maneno mawili: Msiguse kitu.

Sasa haya ni maelekezo? Hayana ratiba. Hayana vipimo. Hayana hata saini! Maskini, aliondoka na haraka zake, akili yote iko kwa mjukuu. Nimemwandikia upya, kurasa tatu, na nakala ya jalada. Kisha nimechukua ufunguo na kwenda kukagua, kama jirani mwema yeyote.

Ni kama nilivyohofia. Makangaga yake yamesongamana chini ya ukuta bila mpangilio wowote, marefu na mafupi pamoja, kama faili zilizomwagika. Yanapumuaje? Nimeshayang'oa yote. Nimeyalaza juani yapate hewa wakati naandika haya, na baada ya chai nayapanda upya kwa urefu, mafupi mbele, marefu nyuma, kila moja na namba yake.

Bi Sindano atashangaa. Akirudi hatalitambua hata moja.